Kwa Sekunde, kwa Sekunde: Safari ya Kaberebere na Nakivale

Asubuhi, Mbarara ni mji wa magari yanayoondoka. Kwenye paki ya taksi makonda wanaita Ntungamo, Ibanda, Ishaka, Isingiro, na abiria wanasalimiana kwa Kinyankole huku wakitafuta kiti: "Agandi?" "Ni marungi." Mbarara ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2020, na ina chuo kikuu cha sayansi na teknolojia kilichoanzishwa mwaka 1989. Safari yangu haikuwa ya chuoni. Nilikuwa naelekea Kaberebere, na kutoka hapo kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusaidia kujibu swali moja la fizikia.

Swali hilo liliandikwa kwenye karatasi ya daftari, likapigwa picha, likanifikia kwa simu. Rafiki yangu, mwalimu aliyekimbia Kivu Kusini, hufundisha jioni vijana wa Kikongo na wa Kirundi wanaojiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne. Msichana mmoja alimwandikia: "Mwalimu, mita ya mraba naijua, nikiingia shambani naiona. Sekunde ya mraba ni kitu gani, na iko wapi?" Kitabu chake kilikuwa kimeeleza kwamba mchapuko ni kiasi ambacho kasi ya kitu hubadilika kadiri wakati unavyopita, na kwamba hupimwa kwa mita kwa sekunde ya mraba. Kikaandika m/s², kisha kikaingia kwenye mazoezi. Chini ya picha rafiki yangu aliongeza mstari wake: "Ndugu yangu, huyu mtoto anastahili jibu. Njoo."

Naliheshimu sana swali hilo. Vijana wengi wa Afrika Mashariki hupita shule nzima wakikariri kanuni, wakiweka tarakimu mahali pake na kupata alama, na ule mraba mdogo juu ya herufi s ukabaki kama pambo. Lakini kizio ni nusu ya maana ya kila kipimo. Anayesema "kumi" bila kizio hajasema kitu, na anayetamka kizio asichokielewa amebeba maneno ya mtu mwingine. Niliamua kwamba kabla ya kufika darasani nitalitafuta jibu barabarani, kwa sababu barabara ndiyo maabara ambayo kila mwanafunzi wa Nakivale anaijua.

Nilipata kiti cha mbele, kando ya dereva, mahali ambapo mshale wa spidi unaonekana vizuri. Barabara ya Kikagati ni ya lami. Inatoka Mbarara kwenda kusini-mashariki, inapita Kaberebere na Isingiro, inashuka hadi mto Kagera, na ng'ambo ya mto ni Tanzania. Tulipovuka matuta ya mwisho ya mjini, dereva akakanyaga mafuta, nami nikaanza kuhesabu kimoyomoyo. Mshale ulikuwa kwenye 20. Sekunde kumi baadaye ulikuwa kwenye 60. Kasi ilikuwa imepanda kilomita 40 kwa saa katika sekunde kumi, maana yake ni kwamba kila sekunde iliyopita gari lilijiongezea kilomita nne kwa saa.

Kilomita nne kwa saa, kwa sekunde. Huo ndio mchapuko wa taksi ile, na ukiutamka hivyo jibu la yule binti linaanza kuonekana. Wakati umetajwa mara mbili, na kila mara una kazi yake. Saa ni ya kasi: inaeleza gari lingefika umbali gani kama lingekwenda vivyo hivyo kwa saa nzima. Sekunde ni ya mabadiliko: inaeleza kasi hiyo imepanda kiasi gani kufumba na kufumbua. Hakuna mtu atakayeshawishika kuchukua saa na sekunde na kuzitengenezea mraba. Kilichofanyika ni kugawa mara mbili, kwa maswali mawili: unakwenda kasi gani, na kasi hiyo inabadilika upesi kiasi gani?

Mkulima wa migomba anaijua hesabu hii kwa jina jingine. Kibarua analipwa shilingi 8,000 kwa siku, na kila mwezi tajiri wake anaupandisha ujira huo wa siku kwa shilingi 500. Nyongeza yake ni shilingi 500 kwa siku, kwa mwezi. Siku inahesabu malipo, mwezi unahesabu nyongeza. Tajiri akiamua kupanga nyongeza hiyo siku kwa siku badala ya mwezi kwa mwezi, itakuwa shilingi kwa siku, kwa siku, na mtu wa vitabu mwenye haraka ataifupisha kuwa shilingi kwa siku ya mraba. Hakuna siku yenye pembe nne iliyozaliwa hapo. Kuna malipo yanayopanda, na mkato wa maandishi.

Wanafizikia hutumia mita badala ya kilomita, na sekunde kwa kazi zote mbili, ili hesabu za nchi zote zilingane. Kilomita ina mita 1,000 na saa ina sekunde 3,600, kwa hiyo kilomita 36 kwa saa ni mita 10 kamili kwa sekunde. Ukiishika namba hiyo moja, nyingine zote zinafuata. Kilomita nne kwa saa ni mita 1.1 kwa sekunde. Taksi yetu, basi, ilichapuka kwa mita 1.1 kwa sekunde, kwa sekunde. Kwa kuwa sasa vipande vyote viwili vya wakati vina jina moja, mwandishi anavibana pamoja na kuweka mbili ndogo juu. Utata wote unaingia kupitia mlango huo mmoja.

Tulipofika 80 mshale ukatulia. Nyuma yangu mama mmoja alikuwa amepakata mtoto aliyelala fofofo, na maji kwenye chupa yangu hayakutikisika. Wengi huamini kwamba kasi ndiyo inayotusukuma kwenye kiti, lakini lami iliyonyooka inakanusha. Ndani ya sikio la binadamu kuna chembe ndogo za chokaa zilizolala juu ya vinyweleo laini. Kichwa kikichapuka, chembe zinabaki nyuma kidogo, vinyweleo vinapinda, na ubongo unapata habari. Kasi isiyobadilika haipindishi chochote, iwe ya kilomita 8 kwa saa au 80. Tulichopewa na maumbile ni uwezo wa kuhisi mabadiliko.

Kisha mbele yetu likatokea kundi la ng'ombe wenye pembe ndefu, fahari ya Ankole, wakivuka bila haraka. Dereva akafunga breki. Vichwa vyote vikaenda mbele, mtoto akaamka akilia, na gari likasimama pakiwa bado pana nafasi.

"Pole, mama," konda alisema.

"Ng'ombe hajui breki, ssebo," dereva aliniambia bila kunitazama. "Mimi ndiye ninayepaswa kujua."

Kupunguza kasi nako ni mchapuko, ila unaelekea kinyume cha mwendo, na hesabu zake ndizo zinazookoa maisha. Kwenye lami kavu, gari lenye matairi na breki nzuri linaweza kupoteza kama mita saba kwa sekunde katika kila sekunde. Kilomita 80 kwa saa ni mita 22 kwa sekunde, kwa hiyo linahitaji sekunde tatu na zaidi kidogo, na katika muda huo litakuwa limekwenda mita 35. Kwa kilomita 40 kwa saa, gari lile lile husimama ndani ya mita tisa. Kasi imepungua kwa nusu, umbali umepungua hadi robo, kwa sababu anayekwenda taratibu anafaidika mara mbili: breki zinafanya kazi kwa muda mfupi zaidi, na kila sekunde ya muda huo inakula ardhi kidogo zaidi. Ongeza sekunde moja ya dereva kuona hatari na kusogeza mguu. Kwa kilomita 80 sekunde hiyo peke yake ni mita 22 za barabara zilizopita kabla breki haijaguswa.

Mbele kidogo barabara ilianza kupindapinda kati ya vilima na mashamba ya migomba. Dereva alipunguza hadi kama 36 na kuushikilia mshale hapo, lakini kila tulipokata kona tuliegemeana bega kwa bega. Spidi haikubadilika, na bado miili yetu ilisukumwa. Ni kwa sababu kasi, kwa maana ya fizikia, ina kiasi na ina mwelekeo, na mwelekeo ukibadilika kuna mchapuko hata kama mshale umelala usingizi. Kuupata ni rahisi: zidisha kasi kwa yenyewe, kisha gawa kwa nusukipenyo cha kona. Kwa mita 10 kwa sekunde, kwenye kona yenye nusukipenyo cha mita 50, unapata mia gawanya kwa hamsini, yaani mbili. Vizio navyo vinajipanga vyenyewe: mita kwa sekunde mara mita kwa sekunde, ukiondoa mita moja, inabaki mita kwa sekunde, kwa sekunde. Dereva mwingine akiingia kona hiyo kwa kilomita 72 kwa saa, anahitaji mchapuko wa nane, mara nne ya wetu, na hapo matairi ya kawaida yanafika mwisho wa uwezo wake hata kwenye lami kavu. Lori lililopakiwa juu sana hupinduka kabla hata matairi hayajateleza.

Malori ya namna hiyo ndiyo yaliyotupokea Kaberebere. Huu ni mji mdogo wa biashara katika wilaya ya Isingiro, na biashara yake kubwa ni ndizi. Malori yamegeuziwa migongo kwenye uwanja, vijana wanapokezana mikungu ya matoke na kuipanga kwa ustadi, kijani juu ya kijani, tayari kwa safari ya Kampala. Kutoka mashambani zinaingia baiskeli zilizobeba mikungu mitano, sita, mwenyewe akitembea kando, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye mzigo. Hapa utawaona Wanyankole wenye mashamba, na Wakongo na Warundi waliokuja kutoka Nakivale kununua, kuuza au kutafuta kibarua. Lugha inayowakutanisha sokoni mara nyingi ni Kiswahili.

Nilimsalimia kijana mmoja aliyekuwa ameegemeza baiskeli yake kwenye gogo na kumuuliza ni wapi anapochoka zaidi.

"Kuianza, mzee," alisema. "Ikishaenda, inaenda. Na kuisimamisha. Ile nayo ni kazi."

Isaac Newton aliliweka jambo hilo kwenye kitabu mwaka 1687: kitu kinachokwenda huendelea kwenda, na kinachohitaji kani ni kubadilisha mwendo. Kadiri tungamo linavyokuwa kubwa, ndivyo kani ile ile inavyozaa mchapuko mdogo. Tuseme baiskeli na mikungu yake ni kilo 160, na msukumo unaobaki baada ya kushinda msuguano ni nyutoni 80. Gawa 80 kwa 160, mchapuko ni nusu mita kwa sekunde, kwa sekunde. Baada ya sekunde tatu kijana anatembea mwendo wa mita moja na nusu kwa sekunde, hatua ya kawaida ya mtu mzima. Akishusha mzigo na kubaki na baiskeli ya kilo 16, msukumo ule ule ungempa mchapuko wa tano, mara kumi zaidi. Nyutoni yenyewe imetokana na kizio chetu: ni kani inayoipa kilo moja mchapuko wa mita moja kwa sekunde, kwa sekunde. Anayekielewa kizio cha mchapuko ameshapata nusu ya fizikia ya kani bila malipo.

Kutoka Kaberebere nilichukua bodaboda kuelekea Nakivale kwa njia ya udongo mwekundu. Mwenye pikipiki alikuwa na helmeti ya pili na alinipa bila kuombwa, akahakikisha kamba imefungwa chini ya kidevu. Nilimshukuru kwa dhati, kwa kuwa hesabu ya helmeti ni ya kutisha, na kila abiria wa bodaboda angepaswa kuifanya walau mara moja.

Kichwa cha abiria kiko kama mita moja na nusu kutoka ardhini. Hata pikipiki ikianguka imesimama, kichwa hicho kinafika chini kikiwa na kasi ya zaidi ya mita tano kwa sekunde. Swali ni kinasimama katika nafasi gani. Kwenye ardhi ngumu nafasi ni ndogo mno. Tuchukue milimita tano. Kichwa kilichopata kasi yake katika mita moja na nusu kinaipoteza yote katika milimita tano, urefu ambao ni mdogo mara 300. Basi mchapuko wa kusimama ni mara 300 ya ule wa kuanguka, yaani karibu mita 3,000 kwa sekunde, kwa sekunde. Povu ndani ya helmeti hubonyea. Likitoa sentimita mbili na nusu za kusimamia, mchapuko unashuka hadi mara 60. Bado ni mkubwa, lakini ubongo una nafasi ya kupona. Anguko ni lile lile na kasi ni ile ile. Helmeti inachobadilisha ni mchapuko, na mchapuko ndio unaoua.

Njia ya changarawe inataka adabu yake pia. Mawe madogo yanaviringika chini ya tairi, na mchapuko wa breki unaweza kushuka hadi nusu ya ule wa lami, hivyo umbali wa kusimama unakuwa maradufu. Mwenye boda wangu hakuwa amesoma kanuni hiyo popote, lakini aliendesha kama mtu anayeijua, akiachia mafuta mapema kila tulipokaribia watoto.

Nakivale ilianza kupokea watu mwishoni mwa miaka ya 1950, Watutsi waliokimbia Rwanda, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Leo ina watu zaidi ya laki moja: Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengine, katika kanda za Base Camp, Juru na Rubondo, karibu na ziwa linalobeba jina hilo hilo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawapa haki ya kufanya kazi na ya kutembea. Kwa hiyo unaona vibanda vya simu, mashine za kusaga, fundi wa kuchomelea vyuma, mashamba ya mahindi na maharage. Maisha hapa ni magumu, na yanajengwa kila siku.

Wanafunzi wa rafiki yangu wamefika hapa kwa njia nyingi. Mmoja alianza shule kwa Kifaransa Uvira, mwingine kwa Kirundi Bujumbura, na wote watafanya mtihani kwa Kiingereza. Kiswahili ndicho wanachofikiria nacho wakiwa pamoja. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi, na kwangu darasa lile lilikuwa mahali pa kuonyesha kwamba lugha hii ina nguvu ya kubeba fizikia bila kuyumba.

"Karibu, mwalimu," walisema wote, wakasimama. Nikawaomba tutoke nje.

Fundi wa jirani alikuwa ametuazima mfereji wa bati wa kukinga maji ya mvua, urefu wa mita nne. Tuliulaza chini, tukaweka alama kwenye mita moja na kwenye mwisho, kisha tukainua ncha moja sentimita kumi kwa vipande vya tofali. Tukachukua goroli na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Nikawaeleza kwamba jaribio hili lina asili ya heshima. Galileo Galilei aliviringisha mpira wa shaba kwenye mfereji wa mbao uliotandikwa ngozi laini, na kwa kuwa hakukuwa na saa ya sekunde, alipima wakati kwa kupima uzito wa maji yaliyotiririka kutoka kwenye chombo. Aliyaandika matokeo katika kitabu kilichochapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1638, wakati yeye mwenyewe akiwa amezuiliwa nyumbani kwake karibu na Florence kwa hukumu ya mahakama ya Kanisa.

"Yeye alifungiwa, kitabu kikavuka mpaka," alisema kijana mmoja wa Bujumbura, polepole, akiyapima maneno.

Tuliachia goroli mara nyingi, watoto wakipokezana simu, mpaka namba zikatulia. Kufika mita moja: sekunde 3.4. Kufika mita nne: sekunde 6.8. Wakati umekuwa mara mbili, umbali umekuwa mara nne. Rafiki yangu aliwaacha wabishane kwa muda, kisha akachora jedwali ubaoni. Kanuni inasema zidisha umbali kwa mbili, gawa kwa wakati, gawa tena kwa wakati. Kwa alama ya kwanza: mbili gawa kwa 3.4, gawa tena kwa 3.4, jibu ni 0.17. Kwa alama ya mwisho: nane gawa kwa 6.8, gawa tena kwa 6.8, jibu ni 0.17. Goroli ilikuwa inajiongezea sentimita 17 kwa sekunde, kila sekunde, juu, kati na chini ya mfereji.

Msichana mwenye swali alikuwa ndiye aliyefanya hesabu ya pili. Alitazama namba mbili zinazofanana, akasema: "Kwa hiyo hatukupata mraba wowote. Tumegawa mara mbili. Mara ya kwanza tukajua mwendo, mara ya pili tukajua mwendo unakua vipi." Rafiki yangu alimwomba arudie kwa sauti, naye akarudia.

Kutoka hapo darasa lilikwenda lenyewe. Nikawauliza: kitu kikianguka wima, bila mfereji, kinajiongezea kiasi gani? Karibu mita 9.8 kwa sekunde, kila sekunde. Tukakigeuza kuwa lugha ya barabara: kilomita 35 kwa saa, kwa sekunde. Embe linaloanguka sekunde moja nzima linafika chini na kasi ya pikipiki mjini. Nikawaambia kwamba hapa kwetu, karibu na ikweta na juu ya usawa wa bahari, kipimo ni karibu 9.78, wakati kwenye ncha za dunia ni 9.83. Dunia imevimba kidogo katikati, hivyo ikweta iko mbali zaidi na kiini chake, na mzunguko wake unapunguza kidogo tena. Mwezini ni 1.6 tu. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliangusha nyundo na unyoya huko, pasipo hewa, na vyote vikatua pamoja.

Simu nyingi za siku hizi zina kipima mchapuko ndani yake. Tuliweka simu mezani, ikaonyesha 9.8, kwa sababu meza inaisukuma juu kwa kiasi hicho ili isianguke. Kisha vijana wanne wakashika blanketi kwa pembe zake, simu ikaachiwa kutoka kimo cha kifua. Kwa ule muda mfupi wa kuanguka, mstari kwenye kioo ulishuka karibu na sifuri, na blanketi lilipoidaka ukaruka juu. Waliitazama picha ile kwa zamu. Hisia ya tumbo kupanda pale gari linapovuka tuta kwa kasi ilikuwa imepata mchoro wake.

Mimi ni mtu wa mkoa wa Kagera, Tanzania, kwa hiyo niliwaeleza pia habari ya kwetu. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga mkoa wetu, chini ya kilomita 100 kutoka Nakivale. Watu zaidi ya 15 walifariki, na majengo ya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato yaliharibika vibaya. Ardhi katika tetemeko haisafiri mbali. Inayumba huku na kule, na kinachobomoa ukuta ni mchapuko wa kuyumba huko. Ardhi ikichapuka kwa mita moja kwa sekunde, kwa sekunde, ukuta wa kilo 2,000 unasukumwa kwa kani ya nyutoni 2,000 ubavuni, na ukuta wa tofali za udongo umejengwa kubeba mzigo wa juu, wa ubavu haujui. Wataalamu wa matetemeko wana kizio chao, gali, kilichopewa jina la Galileo: sentimita moja kwa sekunde, kwa sekunde. Mita moja kwa sekunde, kwa sekunde, ni gali mia. Baadhi ya wanafunzi wale wanaishi katika nyumba walizojenga na wazazi wao kwa mikono, na maswali yao kuhusu nondo, pembe za kuta na uzito wa paa yalichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Tulipokuwa tunakusanya vitu, mvulana wa Rubondo ambaye hakuwa amesema neno mchana kutwa alinyoosha mkono. "Mwalimu, mchapuko nao ukibadilika je? Dereva akianza breki polepole halafu akazikaza?"

Sikuwahi kujibu. Msichana alimgeukia na kusema: "Basi unagawa tena. Mita kwa sekunde, kwa sekunde, kwa sekunde."

Alikuwa sahihi kabisa. Kipimo hicho kipo, na wahandisi wa treni na wa lifti hukitumia, kwa kuwa abiria huvumilia breki kali kuliko breki za ghafla. Breki zinazofika mchapuko wa saba katika sekunde moja ni saba kwa kipimo hicho kipya. Zikifika saba katika moja ya tano ya sekunde, ni 35. Hakimo katika mazoezi yao na hakuna aliyewafundisha. Walikijenga wenyewe dakika chache baada ya kuelewa kilichokuwa chini yake.

Ombi langu kwa walimu wenzangu linatoka hapo. Kabla ya kuandika m/s² ubaoni, tamkeni kizio kizima, na muanze na kilomita kwa saa, kwa sekunde, ili kila mtoto aione kazi ya kila kipande cha wakati. Wapelekeni nje na mfereji wa bati. Wapeni breki, kona, helmeti na kuta za nyumba zao wazipigie hesabu, kwa lugha wanayofikiria nayo. Ufupisho uje mwisho, ukiwa kazi ya mikono yao. Mwanafunzi aliyepita njia hiyo ataingia kwenye mtihani wa Kiingereza, ataiona ile mbili ndogo juu ya herufi s, na atajua hasa inamwambia afanye nini.